Tumbo lina umri wake

Na Mwandishi Wetu

*Kilicho cha kawaida kwa mtoto wa miaka miwili ni ugonjwa kwa mtu wa miaka 40. Mzee naye anaweza kuwa na utumbo uliotoboka huku tumbo lake likiwa laini. Je, zama hizi za ultrasaundi, mkono wa daktari bado una kazi?*

Kaa asubuhi moja kwenye benchi la wagonjwa wa nje, kituo chochote cha afya cha wilayani, usikilize watu wanavyojieleza mapokezi.

Mama mwenye kichanga cha wiki moja anasema mtoto anatapika na tumbo limejaa. Kijana wa sekondari amejikunja, anasema tumbo linamsokota tangu usiku. Binti wa miaka ishirini na ushee anasema tumbo la chini linamkata. Mzee aliyeletwa na mjukuu wake hasemi mengi. Mjukuu ndiye anayeeleza kwamba babu hali, tumbo linamsumbua, na tangu alfajiri anaongea maneno yasiyoeleweka.

Wote wanne wameandikishwa kwa lalamiko hilohilo. Lakini kichanga huenda utumbo wake umejisokota na zimebaki saa chache tu za kumwokoa. Kijana huenda tatizo lake haliko tumboni hata kidogo, bali korodani imejinyonga na anaona haya kusema mbele ya watu. Binti huenda ana mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi. Na mzee huenda utumbo wake umekosa damu, au ni moyo unaouma kwa jina la tumbo.

Siku hizi wengi wao hutarajia kitu kimoja: karatasi ya kwenda kupiga picha. Wapo wagonjwa ambao wasipoandikiwa ultrasaundi huona hawakutibiwa. Wapo pia watoa huduma ambao, kwa wingi wa foleni, huandika karatasi hiyo kabla mgonjwa hajalala kitandani.

Hapo ndipo ubishi ulipo. Upande mmoja unasema kazi ya zamani ya kulitazama tumbo, kulisikiliza, kuligonga na kulipapasa imepitwa na wakati, maana mashine huona zaidi. Upande mwingine unasema mashine bila mkono ni kupiga ramli. Lakini kabla ya kuamua nani ana haki, kuna swali la kuuliza kwanza: ni tumbo la nani, na la umri gani?

Ramani ya tumbo

Madaktari hulichora tumbo kwa mistari miwili inayokatana kitovuni, zikapatikana robo nne. Juu kulia kuna ini na mfuko wa nyongo. Juu kushoto kuna wengu, ambao wengine huuita bandama, pamoja na sehemu kubwa ya mfuko wa chakula. Chini kulia kuna mwanzo wa utumbo mpana na kidole tumbo. Chini kushoto unapita mwisho wa utumbo mpana kabla ya njia ya haja kubwa.

Katikati umejikunja utumbo mwembamba wenye urefu wa mita sita hivi. Figo na kongosho viko nyuma kabisa, karibu na uti wa mgongo, ndiyo maana maumivu ya kongosho hupenya hadi mgongoni.

Ramani hiyo ingekuwa rahisi kama kila kiungo kingeuma pale kilipo. Haiko hivyo. Neva za viungo vya ndani hazielezi vizuri mahali. Ugonjwa wa kidole tumbo, kwa kawaida, huanza kama maumivu ya kuzungukazunguka kitovuni. Ni baada ya saa kadhaa, uvimbe ukishagusa utando unaofunika ukuta wa tumbo, ndipo maumivu yanapohamia chini kulia.

Mwaka 1889 daktari wa upasuaji wa New York, Charles McBurney, alieleza mahali ambapo kidole kimoja kikibonyeza, mgonjwa wa kidole tumbo huumia kuliko kwingine. Ukivuta mstari kutoka kitovuni hadi ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga ya kulia, mahali hapo ni theluthi mbili ya safari. Mpaka leo wanafunzi wa udaktari hufundishwa kupatafuta.

Damu iliyovuja tumboni na kufika chini ya kiwambo cha kupumulia huweza kuuma begani. Jiwe la figo huuma kuelekea kinenani. Nimonia iliyoshika sehemu ya chini ya pafu la mtoto humfanya ashike tumbo. Shambulio la moyo kwa mtu mzima huweza kujificha kwenye chembe ya moyo na kudhaniwa kuwa ni vidonda vya tumbo.

Macho kwanza, mkono mwisho

Upimaji wa tumbo una mpangilio wake, nao hauanzi kwa kubonyeza. Kwanza ni macho. Mgonjwa ambaye utando wa tumbo lake umeambukizwa hulala kimya, hataki hata kitanda kitikiswe. Mwenye jiwe la figo hugaagaa, hapati pa kutulia. Daktari hutazama kama tumbo linapanda na kushuka kwa pumzi, kama kuna kovu la upasuaji wa zamani, kama kuna ngiri inayojitokeza mgonjwa akikohoa.

Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki kuna alama nyingine yenye habari: chale ndogondogo juu kushoto, chini ya mbavu. Hizo ni dalili kwamba siku za nyuma mtu alikwishahisi kuna kitu kimevimba hapo, akaenda kwa mganga.

Pili ni masikio. Daktari husikiliza kabla ya kushika, kwa hofu kwamba mkono unaweza kuuchokoza utumbo na kubadili milio yake. Chombo cha kusikilizia kilibuniwa na Mfaransa René Laennec mwaka 1816, kikaenea duniani kote.

Tatu ni kugonga. Kidole cha mkono mmoja hulazwa juu ya ngozi, na kidole cha mkono wa pili hukigonga. Palipo na hewa pana mlio wa wazi, palipo na ini au maji mlio huzibika. Mbinu hiyo ilitangazwa mwaka 1761 na Leopold Auenbrugger, daktari wa Vienna aliyekuwa mwana wa mwenye nyumba ya wageni. Inasimuliwa kwamba aliizoea tangu utotoni, akiona mapipa ya mvinyo yakigongwa ili kujua yamejaa mpaka wapi.

Mwisho ndio mkono. Unapaswa kuwa na joto, uanzie mbali na panapouma, na magoti ya mgonjwa yakunjwe ili misuli ilegee. Macho ya daktari wakati huo hayako tumboni, yako usoni kwa mgonjwa, kwa sababu uso hukunjamana kabla ulimi haujasema.

Na kazi haijaisha hapo. Tumbo lisilopimwa pamoja na kinena na, kwa wanaume, korodani, halijapimwa.

Kichanga: rangi ya matapishi

Tumbo la mtoto mchanga ni la mviringo na hupanda na kushuka kwa kila pumzi, kwa kuwa mtoto huyo hupumua zaidi kwa kiwambo kuliko kwa mbavu. Ukingo wa ini hushikika sentimita moja au mbili chini ya mbavu za kulia. Kwa mtu mzima hilo lingemfanya daktari ajiulize. Kwa kichanga ni jambo la kawaida.

Ukaguzi wa kwanza hufanyika mtoto anapozaliwa. Kitovu huangaliwa kama kina mishipa mitatu: ateri mbili na vena moja. Njia ya haja kubwa huangaliwa kama ipo na iko wazi. Ni jambo la sekunde chache, lakini likirukwa mtoto hurudi siku mbili tatu baadaye tumbo likiwa limejaa kwa sababu choo hakina pa kutokea.

Choo cha kwanza, cheusi na kinachonata, kwa watoto wengi waliotimiza miezi hutoka ndani ya saa 24. Kikichelewa, daktari hutafuta kama utumbo umeziba au kama sehemu yake ya mwisho ilizaliwa bila neva za kuusukuma.

> Mtoto mchanga anayetapika kijani ni dharura ya upasuaji mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Maziwa yanayocheuliwa ni meupe. Matapishi ya kijani maana yake nyongo imeshindwa kushuka, na sababu mojawapo ni utumbo kujisokota na kujikatia damu. Tumbo huweza kuonekana laini mwanzoni, kwa hiyo hapa rangi ina uzito kuliko mkono.

Kati ya wiki ya pili na ya nane huja tatizo jingine: misuli ya mlango wa kutokea kwenye mfuko wa chakula hunenepa na kuuziba. Mtoto hutapika kwa kurusha mbali, matapishi hayana kijani, na mara tu akimaliza hutaka kunyonya tena. Daktari mwenye subira, akimpapasa wakati ananyonya, huweza kuhisi kivimbe kigumu kidogo juu ya kitovu, kuelekea kulia.

Kuhusu kitovu kilichochomoza, ambacho ni cha kawaida sana kwa watoto wetu, wazazi wengi huambiwa wakifunge kwa sarafu. Sarafu haikizibi, na huweza kuchubua ngozi na kuleta maambukizi. Vingi hujifunga vyenyewe mtoto akifika miaka minne au mitano. Cha kuogopa ni kile kilichokuwa kikirudi ndani na ghafla kikagoma, kikawa kigumu na kinauma.

Mtoto: kitambi na wengu

Mtoto wa miaka miwili ana kitambi. Misuli ya tumbo lake bado dhaifu, mgongo wake umepinda kwa mbele, na ini lake ni kubwa ukilinganisha na mwili. Hiyo si dalili ya ugonjwa.

Kitambi hichohicho kikiwa juu ya miguu iliyovimba, nywele zilizopauka na mtoto asiyetaka kucheza, ni utapiamlo mkali. Kikiwa na upande mmoja mgumu, huenda ni wengu, ini au uvimbe. Macho peke yake hayawezi kutenganisha hayo.

Kumpima mtoto kunahitaji ujanja. Hapimwi akiwa amelazwa peke yake chini ya taa, hupimwa mapajani kwa mama. Anayetekenyeka huwekewa mkono wake mwenyewe chini ya mkono wa daktari. Anayelia husubiriwa avute pumzi, maana katikati ya vilio misuli hulegea.

Wengu ndio kiungo kilichoandika historia ya afya ya Afrika Mashariki. Wengu wa mtu mzima una uzito wa gramu 150 hivi na umejificha chini ya mbavu za kushoto. Kwa kawaida haushikiki mpaka ukue mara mbili au tatu. Malaria ya kurudiarudia huukuza.

Mwaka 1950 wataalamu wa malaria walikutana Kampala na kukubaliana jinsi ya kupanga maeneo ya Afrika kwa ukali wa ugonjwa huo. Kipimo kilikuwa mkono: idadi ya watoto wa miaka miwili hadi tisa ambao wengu wao unashikika. Chini ya asilimia 10, malaria ni kidogo. Zaidi ya asilimia 75, ni kali mwaka mzima.

Katika kipimo hicho umri ulikuwa na nafasi yake. Pale malaria ilipokuwa kali kupita kote, watoto walikuwa na wengu mkubwa lakini watu wazima wachache tu ndio waliokuwa nao, kwa kuwa miili yao ilishajenga kinga. Mbu ni walewale, kijiji ni kilekile, ila tumbo la mtoto na la baba yake yalitoa majibu tofauti.

Kwa mtoto mwenye selimundu, au sikoseli, wengu una hatari ya aina nyingine. Katika miaka ya mwanzo unaweza kunasa damu ghafla, ukavimba ndani ya saa chache, na mtoto akaishiwa damu. Jamaika, wazazi walifundishwa kupapasa tumbo la mtoto nyumbani na kukimbia hospitali wakihisi wengu umekua. Vifo vilivyotokana na tatizo hilo vilipungua sana.

Kwa watoto wengi wa aina hiyo, wengu husinyaa na kupotea wakifika umri wa shule. Kutoushika mkononi hakumaanishi wamepona. Kunamaanisha wamepoteza mlinzi dhidi ya baadhi ya bakteria.

Na si kila uvimbe ni wengu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyekuwa Mulago, Kampala, alichapisha mwaka 1958 maelezo ya saratani ya watoto iliyokuwa ikivimbisha taya. Ilipofuatiliwa, watoto wengi walikutwa na uvimbe tumboni pia. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kilomita zipatazo 16,000, hospitali kwa hospitali, wakiuliza wapi ugonjwa huo unaonekana.

Saratani nyingine ni ya figo, iitwayo uvimbe wa Wilms, inayowapata zaidi watoto wa miaka mitatu au minne. Mara nyingi anayeigundua ni mama akimwogesha mtoto. Hapa mkono una mpaka: tumbo lenye uvimbe wa namna hiyo hushikwa mara moja kwa upole, halipitishwi kwa kila mwanafunzi alibonyeze, kwa kuwa uvimbe huweza kupasuka.

Kijana na haya zake

Balehe huleta kikwazo ambacho hakimo kwenye ramani: aibu. Korodani iliyojinyonga huweza kuuma tumboni, na kijana akaishia kuonyesha kitovu. Nafasi nzuri ya kuiokoa ni ndani ya saa sita hivi. Akipewa dawa ya minyoo arudi nyumbani, atakaporudi kesho itakuwa imeshakufa.

Kwa wasichana na wanawake wa umri wa kuzaa kuna kanuni ambayo kila mwanafunzi wa udaktari huikariri: maumivu ya tumbo ni ujauzito mpaka kipimo kikatae. Mimba iliyotunga kwenye mrija huweza kupasuka na kumwaga damu tumboni. Mwanamke huzimia au huumwa bega, na huenda hata hajui kuwa ana mimba.

Hapa watetezi wa mkono hukiri kwamba mkono hautoshi. Kipimo cha mkojo cha bei ndogo kina thamani kuliko vidole vya bingwa.

Mwaka 1986 daktari Alfredo Alvarado alipendekeza alama 10 za kukadiria ugonjwa wa kidole tumbo kwa kutumia dalili, mkono na kipimo cha damu, bila picha yoyote. Alama hizo zimewasaidia wengi mahali pasipo na mashine. Lakini tafiti za baadaye zilionyesha kwamba kwa wanawake hukuza hatari kupita kiasi, na kwa watoto haziaminiki sana. Zilifanya kazi vizuri zaidi kwa wanaume watu wazima.

Mjamzito: viungo vinahama

Mfuko wa uzazi hushikika juu ya mfupa wa kinena kwenye wiki ya 12. Wiki ya 20 hadi 22 huwa kitovuni. Wiki ya 36 hufika chini ya kidari. Kati ya hapo, utepe wa fundi cherehani unatosha: urefu kwa sentimita hukaribiana na idadi ya wiki, kwa tofauti ya mbili hivi.

Mkunga hutumia mishiko minne iliyopewa jina la Mjerumani Christian Gerhard Leopold. Wa kwanza hutafuta kilichoko juu, kichwa au matako. Wa pili hutafuta mgongo uko upande gani. Wa tatu na wa nne huuliza kitangulizi ni nini na kimeshuka kiasi gani. Kisha pembe ya kusikilizia huwekwa upande wa mgongo na mapigo ya moyo wa mtoto huhesabiwa: 110 hadi 160 kwa dakika.

Mtoto akikua, utumbo husukumwa juu na pembeni. Kidole tumbo huweza kupanda, na misuli iliyotanuka haikazi tena kama zamani. Mjamzito mwenye ugonjwa huo huchelewa kugunduliwa kwa sababu haumwi pale vitabu vinaposema. Hata kumlaza chali kuna hatari: mimba kubwa hukandamiza mshipa unaorudisha damu moyoni, akasikia kizunguzungu. Huinamishwa kidogo upande wa kushoto.

Kupapasa si kukanda. Tumbo la mjamzito likikandwa kwa nguvu ili kumgeuza mtoto, kama bado inavyofanyika mahali pengine, kondo la nyuma linaweza kubanduka.

Mzee: ukimya wenye hatari

Uzeeni ukuta wa tumbo huwa mwembamba. Misuli haikazi, homa huweza isipande, chembe nyeupe za damu zisiongezeke. Dawa za presha za aina fulani huzuia mapigo ya moyo yasiende mbio. Dalili zote ambazo kijana angezipigia kelele, mzee huzibeba kimya. Pengine kinachoonekana ni kuchanganyikiwa tu.

> Tumbo laini la mzee si ushahidi kwamba yuko salama.

Utumbo uliokosa damu, kwa mfano kwa sababu ya donge lililotoka kwenye moyo unaodunda ovyo, huuma vibaya huku mkono ukikuta tumbo la kawaida. Kutolingana huko ndiyo dalili yenyewe. Vidonda vya tumbo huweza kutoboka kwa mzee aliyekuwa akimeza vidonge vya kutuliza maumivu ya magoti bila kuandikiwa.

Uvimbe wa chini ya kitovu kwa mzee wa kiume huenda si uvimbe. Ni kibofu kilichojaa kwa sababu tezi dume limeziba njia, na mpira wa mkojo hukimaliza kwa dakika chache. Na mshipa mkuu wa damu ukitanuka kupita sentimita tatu, mkono mwangalifu huweza kuuhisi ukidunda juu ya kitovu, ingawa kwa mtu mnene hautahisika.

Wanaotetea mashine

Hoja zao ni nzito. Maji tumboni hayagunduliki kwa kugonga mpaka yafike lita moja na nusu hivi, lakini ultrasaundi huona mililita 100. Madaktari waliosikilizishwa milio ya utumbo iliyorekodiwa mara nyingi hawakukubaliana ni ya mgonjwa au ya mzima. Wengu uliokua kidogo huponyoka vidole hata vya mzoefu.

Kandokando ya Ziwa Victoria, ambako kichocho cha tumbo huharibu mishipa ya ini kwa miaka mingi, mkono huhisi ini gumu na wengu mkubwa mambo yakiwa yameshafika mbali. Ultrasaundi huona makovu ya ini mapema zaidi, na mwaka 1996 wataalamu walikutana Niamey, Niger, kupanga namna moja ya kuyasoma.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, lilipendekeza mjamzito apigwe ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Mwongozo huohuo ulipendekeza angalau mahudhurio manane.

Watetezi wa mkono nao waliwahi kushikilia jambo ambalo lilikuja kukataliwa na ushahidi. Kwa miongo mingi mgonjwa wa tumbo alinyimwa dawa kali ya maumivu mpaka daktari wa upasuaji amshike, kwa hofu kwamba dawa itaficha ugonjwa. Tafiti zilipofanywa, zilionyesha kwamba kumtuliza mgonjwa hakukuongeza makosa ya uamuzi. Watu waliteseka bure.

Wanaotetea mkono

Anayesikika zaidi upande huu ni Abraham Verghese, daktari na mwandishi aliyezaliwa Addis Ababa na anayefundisha Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Hoja yake ni kwamba daktari wa leo hushughulika na mgonjwa aliyeko kwenye kompyuta na kumsahau aliyeko kitandani, na kwamba kumgusa mgonjwa kwa makini hujenga imani ambayo mashine haiijengi.

Ushahidi wa hapa kwetu nao upo. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika vijijini katika nchi tano, zikiwamo Kenya na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Vituo vilivyopelekewa ultrasaundi kwa wajawazito vililinganishwa na visivyopelekewa. Vifo vya mama na mtoto havikupungua, wala wajawazito hawakuongezeka kujifungulia hospitali. Kuona tatizo ni hatua moja. Barabara, gari la wagonjwa, damu na chumba cha upasuaji ni hatua nyingine.

Kisha kuna swali la nani anaishika mashine. Ultrasaundi nayo huendeshwa kwa mkono, na macho ya anayeisoma yana kiwango chake. Ikiombwa bila swali, itajibu yasiyoulizwa: kifuko cha maji kwenye figo kisicho na madhara, hofu mpya, na bili.

Kinachokosekana

Ukiziweka hoja hizi pamoja na umri wa mgonjwa, ubishi hupungua. Kwa kichanga, macho hutangulia. Kwa mtoto, mkono una uzito mkubwa, hata wa mama. Kwa mwanamke wa umri wa kuzaa, kipimo cha mkojo hakina mbadala, na picha hufuata. Kwa mzee, mkono usipokuta kitu haupaswi kuaminiwa, na picha iombwe mapema.

Lakini mpangilio huo una gharama isiyohesabiwa kwenye bajeti. Mkono huitwa kipimo cha bure, nao si bure. Unahitaji kitanda, mwanga, maji na sabuni, pazia linalofungika, na dakika kumi. Mwanamke hawezi kufunua tumbo mbele ya mlango ulio wazi unaotazamana na foleni. Anahitaji kanga ya kujisitiri, aombwe ridhaa, na awepo mtu wa tatu anapopimwa na mwanamume. Kijana hataonyesha kinena mbele ya shangazi yake.

Kituo kinaweza kupata mashine ya mamilioni na bado chumba cha daktari kikawa na meza mbili, madaktari wawili, wagonjwa wawili, na kitanda kimoja kilichojaa mafaili. Katika chumba hicho hakuna anayepimwa tumbo, hata kama daktari ni hodari.

Usisubiri kesho ukiona haya

• Kichanga anatapika kijani, au hajapata choo ndani ya saa 24 tangu azaliwe.

• Mtoto wa chini ya miaka miwili analia kwa vipindi akikunja miguu, kisha ana choo chenye damu na makamasi.

• Mtoto mwenye selimundu amepauka ghafla na tumbo la kushoto limevimba.

• Kijana ana maumivu ya ghafla ya korodani au ya tumbo la chini.

• Mwanamke aliyekosa hedhi ana maumivu ya tumbo, anazimia au anaumwa bega.

• Ngiri iliyokuwa ikirudi ndani imegoma kurudi na inauma.

• Mzee ana maumivu makali ya tumbo, au ameacha kula na amechanganyikiwa.

Kwa mengine yasiyo ya haraka, mgonjwa ana nafasi yake pia. Ukiandikiwa picha kabla hujalazwa kitandani, uliza kwa adabu: daktari, kipimo hiki kinatafuta nini? Aliyekwisha kukutazama na kukushika atakujibu kwa sentensi moja. Asiye na jibu, mwombe akupime kwanza.